Mali bila Daftari: Majina ya Vipande vya Gobori na Ulinzi wa Bunduki za Kale katika Eneo la Bafwasende

1. Utangulizi

Bunduki nzima ikiibwa, wizi hujulikana siku ile ile. Pahali pake ukutani hubaki patupu, na kila apitaye huuliza iko wapi. Lakini kikiibwa kipande kimoja tu, yaani nyundo, kifa, kamani au mdeki, bunduki hubaki imesimama pale pale na idadi haipungui. Mtunzaji naye huendelea kuandika katika taarifa yake kwamba mali yote ipo. Miezi, pengine miaka, hupita kabla ya mtu kugundua kwamba kilichobaki ni mti na bomba. Wizi wa namna hii huwasumbua watunzaji wa silaha za kale katika majumba ya makumbusho, na huzisumbua vilevile koo zilizohifadhi bunduki za mababu.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu: jinsi bunduki za kale zilivyofika katika msitu wa Bafwasende, sababu za vipande vyake kuibwa na hasara inayofuata, na namna ya kuandaa daftari la kuvilinda, pamoja na hatua zifaazo wizi ukishatokea. Hoja inayoyaunganisha ni ya kiisimu. Kipande kisicho na jina katika daftari hakiwezi kuonekana kuwa kimekosekana. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lolote huandikwa kwa maneno. Kwa hiyo msamiati wa sehemu za bunduki, ambao wengi huuona kuwa mabaki ya kamusi za zamani, una kazi ya kufanya hata leo.

2. Bunduki za kale na msitu wa Lindi na Ituri

Mji wa Bafwasende uko kando ya mto Lindi, katika barabara itokayo Kisangani kuelekea Nia-Nia, Mambasa na Bunia. Tangu mwaka 2015 teritori yake imo katika mkoa wa Tshopo, uliotokana na kugawanywa kwa mkoa wa Mashariki. Katika miaka ya 1880 msitu huu ulikuwa ukingo wa biashara ya pembe za ndovu iliyoendeshwa na Waarabu, Waswahili na Wamanyema waliotoka Nyangwe, Kasongo na Maporomoko ya Stanley, ambayo leo ni Kisangani. Kiongozi wao mashuhuri, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alikubali mjini Unguja mnamo Februari 1887 kuwa liwali wa Maporomoko ya Stanley kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo. Huyu ndiye aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili, na masimulizi hayo yalitolewa na Heinrich Brode mjini Berlin katika miaka ya 1902 na 1903. Ndani yake idadi ya bunduki hutajwa tena na tena kuwa kipimo cha nguvu ya msafara.

Mwaka huo huo wa 1887 msafara wa Henry Morton Stanley, uliokwenda kumtafuta Emin Pasha, uliondoka Yambuya tarehe 28 Juni ukafuata mto Aruwimi na Ituri. Miongoni mwa vifaa vilivyoagizwa kwa ajili ya safari hiyo zilikuwamo bunduki 510 za Remington, tani 2 za baruti na fataki 350,000. Tarakimu hizi zastahili kuangaliwa. Bunduki ya Remington hutumia risasi yenye ganda lake, wala haihitaji baruti ya kumiminwa wala fataki ya kubandikwa. Baruti na fataki zilikuwa chakula cha magobori, na wingi wake waonyesha jinsi magobori yalivyotawala njia hizo. Katika Oktoba 1887 njaa ilipouzidi msafara, baadhi ya watu wake waliuza bunduki na risasi kwa Wamanyema wa Ipoto ili wapate chakula, na waliopatikana na hatia waliadhibiwa vikali. Hivyo habari ya silaha kutoka mikononi mwa mtunzaji kidogo kidogo, kwa sababu ya uhitaji, si ngeni katika msitu huu.

Jambo jingine lililoamua aina ya bunduki zilizobaki ni Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890. Mkataba huo ulizuia kuingizwa kwa silaha za kisasa katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, isipokuwa kwa masharti maalumu. Bunduki za gumegume zenye mtutu laini ndani, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuendelea kuuzwa chini ya usimamizi wa serikali. Mwenye kuruhusiwa silaha ya kisasa alitakiwa awe na kibali chenye jina lake na chapa iliyopigwa juu ya silaha yenyewe. Ndani ya sharti hili limo wazo ambalo makala haya yanalitegemea: silaha na maandishi viende pamoja, kimoja kikishuhudia kingine.

Vita vya Dola Huru ya Kongo dhidi ya Waarabu na Waswahili, vya 1892 hadi 1894, viliondoa utawala wao. Bunduki na lugha zilibaki. Hata Kilingala kilipokea neno hili, na leo Mkongo wa magharibi asemapo «mondoki» anatamka kwa namna yake «bunduki» ya Waswahili, ambao nao waliipokea kutoka Kiarabu.

3. Kwa nini vipande huibwa

Ili kufahamu wizi huu ni lazima kwanza kufahamu jinsi gobori linavyofunguka. Mtambo wake, yaani bamba la chuma lenye nyundo kwa nje na kamani kwa ndani, umelazwa katika kishimo kilichochongwa ubavuni mwa mti, nao aghalabu hushikwa na skrubu mbili tu. Mwenye bisibisi huutoa kwa dakika moja. Kifa hufunguliwa kwa ufunguo mdogo. Mdeki hauhitaji kifaa chochote, kwani huchomolewa kwa mkono. Mtutu nao hushikwa na pete au vijiti vya chuma pamoja na skrubu moja nyuma. Aliyeunda bunduki alitaka iwe hivyo, maana askari na mwindaji walipaswa kuisafisha baada ya kuitumia, kwa kuwa masizi ya baruti nyeusi hula chuma upesi. Wepesi uleule uliomsaidia mwindaji humsaidia mwizi.

Sababu za wizi ni tatu hasa. Ya kwanza ni uwindaji. Katika misitu ya Kongo wahunzi wangali wakitengeneza bunduki za kienyeji, ambazo watu huziita «pupu», kwa kutumia mabomba ya chuma na vyuma chakavu. Bomba hupatikana kwa urahisi. Kamani yenye ugumu unaofaa, nyundo iliyonyooka na kifa chenye tundu sahihi ni vigumu zaidi kufuliwa, na bunduki ya kale iliyotundikwa ukutani inavyo vyote tayari. Bafwasende inapakana na nchi za hifadhi: mbuga ya taifa ya Maiko, iliyoundwa mwaka 1970, imo kwa sehemu katika teritori hiyo, na hifadhi ya okapi, iliyoundwa mwaka 1992, iko upande wa mashariki. Kipande kilichotoka katika mkusanyiko chaweza kuishia mahali ambapo wanyama hao huwindwa kinyume cha sheria, au mikononi mwa watu wenye kutumia silaha dhidi ya raia.

Sababu ya pili ni soko la vitu vya kale. Mnunuzi wa mbali mwenye gobori lisilo na nyundo hutafuta nyundo ya namna ileile, na kipande kidogo husafirishwa mfukoni bila kuulizwa. Sababu ya tatu ni madini yenyewe. Bamba la kitako, kinga ya kifyatuo na pete za mtutu aghalabu ni za shaba nyeupe au shaba nyekundu, nazo huuzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu. Mwizi wa aina hii hajui kwamba amechukua historia. Yeye amechukua uzito.

Kuna tendo la nne ambalo si wizi machoni pa wengi, ila matokeo yake ni yale yale. Mtunzaji mwenyewe huweza kutoa kamani katika bunduki moja ili kutengeneza nyingine ipendeze zaidi. Baada ya miaka kumi hakuna ajuaye kipande kipi ni cha bunduki ipi. Mwizi mwerevu huiga tendo hilo: huchukua mtambo mzuri na kuacha mbovu mahali pake. Mwenye kuhesabu bunduki kwa kuzitazama kutoka mlangoni hataona tofauti.

4. Majina ya vipande

Kamusi za Kiswahili za tangu karne ya 19, pamoja na zile za Madan (1903), Johnson (1939) na Sacleux (1939), zilihifadhi msamiati wa gobori kwa sababu waandishi wao waliishi na watu walioitumia silaha hiyo. Baadhi ya maneno hayo yameanza kusahauliwa, hasa katika mashariki ya Kongo, ambako mafundi husema «pistoni» na «kano» kwa kufuata Kifaransa. Orodha ifuatayo yatosha kwa daftari la mkusanyiko mdogo:

(a) Mtutu, au kasiba: bomba la chuma linalopitisha risasi.

(b) Kitako: mwisho wa mti unaoegemezwa begani. Sehemu iliyobaki ya mbao yaweza kuitwa mti wa bunduki.

(c) Mtambo: mkusanyiko wote wa vyuma vya ubavuni vinavyowasha baruti.

(d) Nyundo: mkono wa chuma unaopiga fataki, au unaoshika jiwe katika bunduki ya gumegume.

(e) Kamani: chuma kilichopindwa kinachoipa nyundo nguvu. Ndilo neno litumikalo kwa saa pia.

(f) Kifa: mahali ambapo moto huingia ndani ya mtutu.

(g) Kifyatuo na kinga yake: kile kivutwacho kwa kidole, na upinde wa chuma unaokizunguka.

(h) Mdeki: fimbo ya kushindilia baruti na risasi.

(i) Pete, skrubu na bamba la kitako: vishikizi na mapambo.

Maneno mawili katika orodha hii yanahitaji maelezo. La kwanza ni mtambo. Katika matumizi ya zamani neno hili lilitaja mitego, mashine na sehemu ya bunduki ifyatukayo, na mara nyingine lilitumika kwa kifyatuo chenyewe. Upana huo haudhuru katika mazungumzo, ila katika daftari ni hatari. Mtu akiandika «mtambo umevunjika», msomaji wa baadaye hatajua kama kilichovunjika ni kifyatuo, kamani au mtambo wote. Inafaa basi neno mtambo litengwe kwa ajili ya mkusanyiko mzima wa vyuma vya ubavuni, na kila kipande cha ndani kitajwe kwa jina lake.

La pili ni kifa. Neno hili hutaja kisahani cha baruti katika bunduki ya mrao, na hutaja pia kichuchu cha chuma kinachovikwa fataki. Vitu hivi viwili havifanani kwa umbo. Vinafanana kwa kazi, kwani vyote viwili ni mlango wa moto. Kwa hiyo ufundi ulipobadilika, wasemaji hawakuhitaji neno jipya. Lakini mwandishi wa daftari lazima aeleze ni kifa cha aina gani, na njia nyepesi ni kutanguliza aina ya bunduki: ya mrao, ambayo huwashwa kwa utambi, ya gumegume, ambayo huwashwa kwa cheche za jiwe, au ya fataki, ambayo wengi katika Kongo huiita bunduki ya pistoni. Neno moja la aina humwambia msomaji vipande gani atarajie kuvikuta. Bunduki ya gumegume isiyo na jiwe wala bamba la kupigwa na jiwe imepungua, hata kama kwa mtazamo wa haraka yaonekana kamili.

Kwa upande wa maneno ya mafundi, haifai kuyafuta. Daftari liandike neno la kamusi, na kando yake neno ambalo mhunzi wa mahali pale hulitumia. Siku kipande kitakapotafutwa, atakayeulizwa ni mhunzi, na mhunzi huenda hajui kifa ni nini ilhali anaijua vema pistoni.

5. Kinachopotea pamoja na kipande

Yawezekana mtu akauliza: bunduki isiyofyatuka ina hasara gani ikipoteza nyundo? Jibu ni kwamba kila kipande cha gobori hubeba ushahidi wake. Magobori mengi ya biashara yaliundwa mjini Liège, Ubelgiji. Mitutu iliyopimwa na ofisi ya majaribio ya mji huo ilipigwa chapa ya herufi ELG ndani ya duara refu, na tangu mwaka 1893 taji iliongezwa juu yake. Kwa chapa hiyo ndogo mtu huweza kujua kama mtutu ulipimwa kabla au baada ya mwaka huo, yaani takriban mwaka ule ule ambao Waarabu na Waswahili walishindwa katika Maporomoko ya Stanley. Bamba la mtambo nalo huweza kuwa na jina la fundi, alama ya kiwanda au chapa iliyoigwa kutoka bunduki za Kiingereza. Mtutu ukiondoka, tarehe imeondoka. Mtambo ukiondoka, jina limeondoka.

Kuna ushahidi mwingine wa ndani zaidi. Mafundi waliounda bunduki kwa mkono walizoea kuweka mikwaruzo, vitone au tarakimu za Kirumi katika vipande vya bunduki moja ili visichanganyike na vya nyingine. Alama hizo hazionekani mpaka mtambo utolewe. Kadhalika kishimo cha mtambo katika mti kilichongwa kufuata bamba moja tu, na baada ya miaka mingi kutu na mafuta vimeacha kivuli cha bamba hilo katika mbao. Basi pengo lililoachwa na mwizi lenyewe ni shahidi. Mtambo ukipatikana sokoni, waweza kurudishwa katika kishimo chake kupimwa kama unakaa, na alama zake kulinganishwa na zile za mtutu.

Thamani ya alama imedhihirika kwingineko. Huko Marekani bunduki iliyotengenezwa na fundi Christian Oerter, yenye jina lake na mwaka 1775, iliibwa katika maonyesho ya Valley Forge mwaka 1971. Ilipatikana mwaka 2018, baada ya miaka 47, na ikatambuliwa. Bila jina na mwaka huo ingekuwa bunduki ya zamani kama nyingine nyingi. Na Kongo yenyewe inalo fundisho lake. Kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ilirudisha vitu 114 kutoka Tervuren kwa taasisi ya makumbusho ya taifa mjini Kinshasa, na baadhi ya vitu vya mkusanyiko huo baadaye viliibwa vikaingia katika biashara. Mwezi wa Februari 2022 serikali ya Ubelgiji iliikabidhi serikali ya Kongo orodha ya vitu wapata 84,000 vilivyoko Tervuren. Kilichokabidhiwa siku hiyo kilikuwa daftari, kabla ya vitu vyenyewe, kwa maana mdai asiye na orodha hana pa kuanzia.

6. Kuandaa daftari la vipande

Kabla ya kuandika chochote, usalama utangulie. Gobori lililokaa nusu karne ukutani laweza kuwa limeshindiliwa bado, na baruti kavu haizeeki kwa namna ya kuaminika. Mtutu uelekezwe mahali pasipo na mtu, mdeki au kijiti cha mbao kiingizwe taratibu mpaka kifike mwisho, kitiwe alama mdomoni mwa mtutu, kisha kilazwe nje kando ya mtutu. Kijiti kikiishia mbele sana ya kifa, ndani mna kitu, na bunduki hiyo isiguswe tena mpaka mjuzi aitwe. Vilevile mtunzaji akumbuke kwamba bunduki ya kale ni urithi na ni silaha kwa wakati mmoja. Kwa upande wa urithi iko sheria-amri namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali za utamaduni. Kwa upande wa silaha iko sheria-amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Mkusanyiko usiojulikana kwa wakuu wa serikali hauwezi kushtaki wizi bila wenyewe kushtakiwa.

Baada ya hapo kila bunduki ipewe namba, na kila kipande kipewe namba ya bunduki pamoja na herufi yake. Ikiwa bunduki ni ya 4, mtambo wake ni 4c na mdeki wake ni 4h. Kwa kila kipande yaandikwe mambo matano: jina, madini au mti, vipimo kwa milimita, alama zilizopigwa, na kasoro. Kasoro zina faida kubwa kuliko uzuri, kwani nyundo mbili mpya hufanana, ilhali nyundo mbili zilizokatika ncha hazikatiki sawasawa. Mfumo uitwao Object ID, ulioanzishwa mwaka 1997 na kukubaliwa na mashirika ya makumbusho na polisi wa kimataifa, hudai mambo ya namna hiyo hiyo: picha, vipimo, alama, sifa za pekee na maelezo mafupi. Kwa gobori inatosha kupiga picha pande zote mbili, bamba la mtambo kwa karibu, chapa za mtutu, na upande wa ndani wa mtambo, kila picha ikiwa na rula kando yake. Daftari na picha visikae chumba kimoja na bunduki. Nakala moja ikae kwa mzee wa ukoo au katika ofisi nyingine.

Namba iandikwe juu ya kipande kwa wino juu ya tabaka jembamba la vanishi iwezayo kuondolewa, au ifungwe kwa kibandiko cha uzi. Kupiga chapa kwa patasi katika chuma cha kale ni kukiumiza, na huweza kufunika alama iliyokuwapo. Kwa upande wa kufuli, wengi hupitisha mnyororo katika kinga ya kifyatuo. Hilo huizuia bunduki isibebwe, ila halilindi mtambo wala mdeki, na kinga yenyewe hufunguliwa kwa bisibisi. Afadhali sanduku au kabati lenye kufuli, mbali na ukuta wenye unyevu, na funguo ziwe mikononi mwa watu wawili. Hesabu ya kila mwezi ifanywe kwa kusoma daftari kipande kwa kipande, mmoja akisoma na mwingine akigusa. Hapo ndipo majina yanapofanya kazi yake: asomaye «4f, kifa» humlazimisha mwenzake atazame mahali ambapo macho yangepita.

7. Wizi ukishatokea

Itokeapo kwamba kipande kimekosekana, mtunzaji asiharakishe kutengeneza. Pengo lipigwe picha kabla ya kuguswa, skrubu zilizobaki zikusanywe, na kishimo kisisafishwe. Kisha mkusanyiko wote uhesabiwe kipande kwa kipande, kwa sababu kilichogunduliwa mara nyingi si cha kwanza kuibwa. Taarifa kwa polisi na kwa wakuu wa utamaduni iandikwe kwa maneno ya daftari, pamoja na picha. Taarifa isemayo kwamba «sehemu za bunduki ya zamani zimeibwa» haimsaidii mpelelezi. Taarifa isemayo kwamba imeibwa nyundo ya chuma ya gobori la fataki, urefu kadha, yenye ufa upande wa kushoto, humpa kitu cha kutafuta.

Kongo iliridhia mwaka 1974 Mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni, na polisi wa kimataifa huweka orodha ya vitu vya sanaa na vya kale vilivyoibwa. Milango hiyo ipo kwa kipande chenye maelezo. Kwa upande wa silaha, nchi za Afrika ya Kati zilipitisha mjini Kinshasa tarehe 30 Aprili 2010 mkataba wa kudhibiti silaha ndogo ambao jina lake lenyewe hutaja pia vipande viwezavyo kutumika kuziunda, kuzitengeneza na kuziunganisha. Mkataba huo ulianza kutumika mwaka 2017. Kwa hiyo hata katika sheria za siku hizi kipande kinahesabiwa kuwa jambo lenye uzito wake.

Hata hivyo msaada wa karibu zaidi ni wa wahunzi na wauza vyuma chakavu. Wao huona kipande kabla ya hakimu. Inafaa wafuatwe kwa heshima, waonyeshwe picha, na waelezwe kwamba kipande hicho ni kumbukumbu ya ukoo. Mhunzi mzee aulizwaye kwa adabu aghalabu hutoa zaidi ya habari ya kipande. Hutoa pia jina lake na namna kilivyofuliwa, na hayo yaandikwe. Kipande kisiponunuliwa na mhunzi, mwizi wa uwindaji hana soko.

Ikiwa kipande hakikupatikana, bunduki iachwe na pengo lake. Ikilazimu kuweka kipande kingine ili mbao zisiharibike, kiwe dhahiri kwamba ni kipya, kitiwe mwaka kilipotengenezwa, na daftari liseme hivyo. Kipande cha bandia kisicho na alama huwadanganya wajukuu kuliko pengo.

8. Hitimisho

Imeelezwa kwamba magobori yaliingia katika msitu wa Bafwasende pamoja na Kiswahili, kwa njia zile zile na katika miaka ile ile. Vitu na maneno vilisafiri pamoja, na sasa vinapotea pamoja: kifa huibwa katika bunduki, na neno kifa husahauliwa katika kinywa. Kulilinda moja ni kulisaidia la pili. Kufuli na kabati zahitaji fedha, ambazo koo nyingi hazina. Daftari lahitaji kalamu, rula na mtu ajuaye majina. Wanafunzi wa isimu watokao katika teritori hiyo wanaweza kuanza kazi hii wakati wa likizo katika nyumba za wazee wao, wakikusanya kwa pamoja orodha ya vipande na orodha ya maneno yake. Kila jina litakaloandikwa litakuwa kipande kimoja ambacho hakitaweza tena kuondoka kimya kimya.